Mzima asubuhi, hoi jioni: maswali tunayoulizwa kuhusu miasthenia

Maswali haya nimeulizwa wodini, kwenye daladala za Uyole, na zaidi jikoni kwa mama yangu mdogo kule Tukuyu, ambaye anaishi na ugonjwa huu. Mimi ni muuguzi hapa Mbeya, daktari bingwa si mimi. Majibu haya yatakusaidia kujua umuulize nini daktari wako. Nimeyaacha katika mpangilio ule ule ambao watu huniuliza, ndiyo maana mengine yanarukaruka.

Mama anaamka mzima, anafagia uwanja, anachota maji. Ikifika saa 10 jioni kope zimemdondoka, sauti imekuwa ya puani, chakula anakitafuna nusu anakiacha. Anajifanya?

Hajifanyi, na tafadhali msimwambie hivyo tena. Hayo uliyoeleza ndiyo alama kubwa ya miasthenia gravisi: misuli inafanya kazi vizuri ikiwa imepumzika, halafu inaishiwa kadiri inavyotumika. Akilala kidogo nguvu zinarudi, akiendelea zinakwisha tena. Wagonjwa wengi, zaidi ya nusu, huanzia machoni: kope moja inalegea, au anaona viwili viwili, ng'ombe mmoja wanakuwa wawili. Baadaye inaweza kuingia kwenye kutafuna, kumeza, kuongea, shingo, mikono, mapaja, na hatari kuliko vyote, misuli ya kupumua. Wengine hubaki na ya macho tu maisha yote. Kwa wanaosambaa, mara nyingi huwa ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo hicho ndicho kipindi cha kuwa macho.

Hisia hazipotei. Ukimgusa anasikia, na ganzi si dalili ya ugonjwa huu. Maumivu nayo kwa kawaida si malalamiko yake makubwa. Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea: hana homa, haumwi popote, asubuhi alikuwa anacheka, basi ni mvivu.

Ndani ya mwili kunatokea nini hasa?

Mfikirie mjumbe wa nyumba kumi anayezunguka kuwaita watu kwenye mkutano. Mjumbe ndiye kemikali iitwayo asetilikolini, inayotoka kwenye ncha ya mshipa wa fahamu. Milango anayogonga ni vipokezi vilivyoko kwenye msuli. Mlango ukifunguka, msuli unajikunja. Kwenye miasthenia, kingamwili za mgonjwa mwenyewe, zile zilizotakiwa kupambana na vijidudu, zimeigeukia milango hiyo, zinaiziba na kuibomoa. Mjumbe yupo, sauti anayo, ila milango iliyobaki ni michache.

Raundi ya kwanza wanatoka watu wa kutosha na mkutano unafanyika. Lakini hata kwa mtu mzima wa afya, sauti ya mjumbe hupungua kadiri anavyorudia kuzunguka. Kwenye kijiji chenye milango mingi hakuna anayegundua. Kwenye kijiji chenye milango michache, raundi ya tano hatoki mtu. Ndiyo jioni ya mama yako hiyo.

Je, si kiharusi?

Kiharusi huja ghafla, kwa kawaida upande mmoja, mkono na mguu na mdomo kwenda pembeni, na hakipungui kwa kulala saa moja. Kama dalili zimeanza ghafla hivyo, usikae kusoma hapa, mpeleke hospitali sasa hivi.

Kuna magonjwa mengine ya misuli na mishipa ya fahamu yanayofanana kidogo. Mtu anayeanza kulegea miguuni na ulegevu ukapanda juu ndani ya siku chache, huenda baada ya kuhara au mafua, ana jambo jingine la dharura. Mtoto wa kiume wa miaka 3 hadi 5 anayeanguka ovyo, mwenye ndama za miguu nene kupita kiasi, anayejisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake ili asimame, huyo apelekwe kwa daktari wa watoto aangaliwe ugonjwa wa Duchenne, ambao ni wa kurithi na matunzo yake ni tofauti kabisa.

Majirani wanasema amelogwa. Tufanyeje?

Nitajibu hili kwa hadithi ya kweli. Ukanda huu wa Nyasa wazee wanakumbuka mwavi, ile sumu waliyonyweshwa watuhumiwa wa uchawi: ukitapika u safi, ukifa ulikuwa mchawi. Kule Calabar, Nigeria, walikuwa na mwavi wao, maharage ya mmea mwingine kabisa. Wazungu waliyachukua, wakayachunguza, wakatoa ndani yake dawa iitwayo fisostigmini. Mwaka 1934 daktari mmoja wa London, Mary Walker, aligundua kwamba dalili za miasthenia zinafanana na za mtu aliyechomwa mshale wenye sumu ya kurare, na fisostigmini ilikuwa inajulikana kuipinga sumu hiyo. Akamchoma mgonjwa wake sindano ya fisostigmini, kope ikanyanyuka. Vidonge anavyomeza mama yangu mdogo leo, piridostigmini, ni ndugu wa dawa hiyo.

Kwa hiyo harage lililotumika kuwaua watu kwa tuhuma za uchawi ndilo lililoanzisha tiba ya ugonjwa ambao watu bado wanausingizia uchawi. Mimi nikiwaambia majirani hivyo huwa wananyamaza kidogo.

Tumeenda hospitali mara tatu, wanasema hana kitu. Kwa nini?

Kwa sababu mnaenda asubuhi. Fikiria safari yenyewe: mgonjwa amelala usiku kucha, amepanda gari la kwanza kutoka Tukuyu au Chimala, amekaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne akisubiri jina lake. Wakati anaitwa, misuli yake imepumzika kuliko siku zote. Daktari anamtazama: kope ziko juu, mikono ina nguvu, tabasamu zuri. Anaandika vidonge vya vitamini, au anaandika kwamba ni msongo wa mawazo. Kwa kweli sisi wahudumu tumewarudisha nyumbani wengi namna hiyo.

Dawa yake ni simu. Mrekodi video jioni, akiwa katika hali mbaya kabisa. Sekunde 30 zinatosha: uso wake ukiangalia mbele, kisha aongee, ahesabu kwa sauti hadi sauti ibadilike, ajaribu kumeza maji kidogo akiwa ameketi wima. Rekodi nyingine asubuhi yake. Daktari akiziona hizo mbili zikifuatana, mazungumzo hubadilika.

Na mkiwa mbele ya daktari, mwombeni kwa adabu amwambie mgonjwa aangalie juu bila kupepesa kwa dakika moja au mbili, au anyooshe mikono mbele aishikilie. Kope ikishuka polepole, mkono ukianza kuteremka, jambo limejionyesha lenyewe. Kuna na kipimo cha barafu: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa juu ya kope iliyolegea kwa dakika 2. Kope ikinyanyuka milimita 2 au zaidi, miasthenia inashukiwa sana, kwa sababu baridi huisaidia ile njia ya mawasiliano kati ya mshipa na msuli. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na hata zahanati yenye jokofu la chanjo inaweza kukifanya.

Baada ya hapo kuna vipimo gani vya kuthibitisha?

Damu hupimwa kutafuta kingamwili zinazoshambulia vipokezi. Kwa wagonjwa ambao ugonjwa umesambaa mwilini, takriban 85 kati ya 100 hukutwa nazo. Kwa wenye ya macho tu ni kama nusu. Ikitoka haina, usifunge faili. Kipimo hiki si cha kila maabara, kwa hiyo ulizeni mapema kama sampuli itachukuliwa hapa na kusafirishwa au mgonjwa mwenyewe ndiye asafiri. Kipo pia kipimo cha kusisimua mshipa kwa umeme mdogo mara nyingi mfululizo na kuangalia kama msuli unapunguza mwitikio.

Halafu CT skani ya kifua, ambayo watu hushangaa nayo: kope ndiyo inaumwa, kifua kinahusikaje? Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, shule ambamo askari wa kinga ya mwili hufundishwa utotoni. Kwa wengi wenye miasthenia tezi hii haiko sawa, na kwa mgonjwa kama 1 kati ya 10 kuna uvimbe ndani yake. Lazima iangaliwe.

Unaambukiza? Ni wa kurithi?

Hauambukizi hata kidogo. Kuleni naye sahani moja. Na kwa kawaida haurithishwi kwa watoto. Zipo aina chache za kuzaliwa nazo, lakini hizo ni habari nyingine.

Huwapata akina nani?

Yeyote. Ila unapenda zaidi wanawake walio chini ya miaka 40 na wanaume waliovuka 60. Hii ya wazee wa kiume hupotea sana, kwa sababu babu akilegea kope tunasema ni uzee.

Piridostigmini inafanya kazi gani, na mbona nikimeza nahara?

Mwilini kuna kimeng'enya kinachomfukuza yule mjumbe haraka baada ya kugonga mlango. Piridostigmini hukizuia, hivyo mjumbe anakaa barabarani muda mrefu zaidi na milango michache iliyobaki inapata kugongwa tena. Haiponyi chanzo. Inanyanyua nguvu kwa muda: huanza ndani ya dakika 30 hadi 45, hudumu kama saa 3 hadi 6, kisha inakwisha.

Kwa hiyo hii ni dawa ya kuangalia saa. Kumeza "asubuhi, mchana na jioni" kwa mazoea ya dawa nyingine haitoshi. Mama mdogo humeza kidonge nusu saa au zaidi kabla ya chakula, ili wakati ugali unafika mezani taya ziwe zimeamka. Kaeni na daktari mpange dozi kulingana na saa ambazo mgonjwa anahitaji nguvu. Mwalimu na mkulima hawatakuwa na ratiba moja.

Kuhara, tumbo kusokota, mate mengi na jasho hutokea kwa sababu mjumbe yule yule anafanya kazi kwenye utumbo na tezi pia. Kumeza pamoja na chakula kidogo hupunguza. Lakini sikiliza vizuri: usiongeze vidonge kwa sababu umezidiwa. Dozi ikipita kiasi nayo inaleta ulegevu, pamoja na mate kufurika, jasho, misuli kurukaruka na kifua kujaa makohozi. Kwa macho ya nyumbani huwezi kutofautisha ulegevu wa dawa kidogo na wa dawa nyingi. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Na prednisoloni? Baba alianza akazidiwa wiki ya kwanza, tukaiacha.

Mngeuliza kabla ya kuiacha. Prednisoloni hutuliza kinga iliyopotoka, na ni kweli kwamba ndani ya wiki mbili za mwanzo inaweza kumfanya mgonjwa alegee zaidi kabla hajapata nafuu. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na dozi ndogo na kupanda taratibu, na mwenye shida ya kumeza au kupumua huanzishiwa akiwa amelazwa. Kuiacha ghafla ni hatari kwa sababu mwili ukiishaizoea huacha kujitengenezea homoni ya aina hiyo.

Madhara yake msiyafiche wala msiyaogope kupita kiasi: uso kujaa, njaa ya ajabu, sukari na shinikizo la damu kupanda, mifupa kudhoofu. Kwa huku kwetu naongeza mambo mawili. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa mwaka 2016 hadi 2017, na kifua kikuu hutembea nayo. Kabla ya kuanza dawa inayoshusha kinga, mgonjwa apimwe VVU, aangaliwe kifua kikuu, na aulizwe habari ya minyoo. Akikohoa wiki mbili baadaye, arudi.

Wengine huongezewa azathioprini ili prednisoloni ipunguzwe. Hiyo ni dawa ya subira, miezi 6 hadi zaidi ya mwaka kabla hujaona kazi yake, na inataka damu ipimwe mara kwa mara.

Upasuaji wa kutoa tezi unasaidia kweli?

Kwa wengi, ndiyo. Kama kuna uvimbe, karibu kila mara hushauriwa utolewe. Kama hakuna uvimbe, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 kwa wagonjwa 126 wa nchi mbalimbali, wa miaka 18 hadi 65 na wenye kingamwili za vipokezi, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo kuliko waliotumia dawa peke yake, walipofuatiliwa miaka 3. Nafuu haiji wiki ile ile. Na upasuaji huu haufanywi kwa haraka: mgonjwa hutayarishwa kwanza hadi apumue na kumeza vizuri, na mtoa dawa ya usingizi lazima ajue ugonjwa wake.

Ni dawa zipi hatakiwi kupewa?

Kama utasoma jibu moja tu, soma hili.

Mama mdogo aliwahi kupata maambukizi ya njia ya mkojo. Ilikuwa usiku, tukampeleka kwenye kituo cha karibu, sikitaji. Akachomwa jentamisini, sindano ambayo mimi mwenyewe nimewachoma watu mamia. Alfajiri alikuwa hawezi kushika shingo, mate yanamtoka, anaongea kama mtu aliye chini ya maji. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia siku 9. Aliyemchoma aliuliza kama ana mzio wowote, tukasema hana. Hatukusema miasthenia kwa sababu tulidhani haihusiani na mkojo.

Inahusiana. Jentamisini na ndugu zake, streptomisini na amikasini, hubana mawasiliano yale yale ya mshipa na msuli. Siprofloksasini na levofloksasini nazo. Azithromisini na eritromisini nazo. Kwinini na klorokwini. Dawa za moyo na shinikizo za kundi la propranololi na atenololi. Magnesiamu salfeti ya sindano. Baadhi ya dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Angalia orodha hiyo uone ni ngapi ziko kwenye kila duka la dawa muhimu kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, na ni ngapi tunanunua kwa kutaja jina tu dirishani.

Hazina uzito sawa, na zipo hali ambapo daktari atalazimika kutumia mojawapo akiwa anamwangalia mgonjwa kwa karibu. Uamuzi huo uwe wake, akiwa anajua. Parasetamoli haina shida. Amoksilini na seftriaksoni kwa kawaida huvumilika.

Akipata malaria?

Apimwe mapema na atibiwe mapema, kwa sababu homa na maambukizi ndivyo vichochezi vikubwa vya kuzidiwa. Dawa ya mseto ndiyo ya kwanza nchini, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti. Taja miasthenia ili kwinini ikwepwe.

Tutajuaje kwamba sasa ni dharura?

Wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 hufikia siku moja misuli ya kupumua kushindwa. Haiji na kelele. Mtu wa pumu anahangaika na filimbi ya kifua inasikika. Huyu anakuwa kimya, amechoka, anavuta pumzi fupifupi, anakataa kulala chali, anaegemeza kidevu kwa mkono, kikohozi hakina nguvu, mate hayamezeki.

Mfundisheni kuhesabu. Siku akiwa mzima avute pumzi ndefu, ahesabu kwa sauti, namba mbili kwa sekunde, bila kuvuta tena. Mtu mwenye afya hufika karibu 50. Andikeni namba yake. Siku ikishuka hadi nusu, msisubiri kupambazuke. Ikiwa chini ya 20, hiyo ni dharura kamili.

Na hapa nawaomba wenzangu wa wodini. Kile kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinadanganya kwenye ugonjwa huu. Kinaweza kusoma 97 wakati mgonjwa amebakiza nusu saa, kwa sababu oksijeni hushuka mwishoni kabisa. Ukiona 97 na mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, amini sentensi.

Akifika hospitali yenye uwezo atasaidiwa kupumua, na kuna tiba mbili za kuzima moto haraka: kuchuja plazima, yaani majimaji ya damu, ili kuondoa kingamwili mbaya, au kumpa immunoglobulini, yaani kingamwili za watu wenye afya, kwenye mshipa. Zote ni ghali na hazipo kila mahali. Hiyo ndiyo sababu ya kuwahi, maana gari la wagonjwa kutoka milimani nalo lina saa zake.

Ale nini?

Chochote anachoweza kumeza salama. Chakula kikubwa kiwe asubuhi au mchana, jioni kiwe laini. Makande jioni ni adhabu: kila punje inataka taya. Mpeni ndizi zilizopikwa zikavurugika, uji mzito, wali wa Kyela uliolainishwa na mchuzi, parachichi, ambalo kwetu Rungwe halina shida kupatikana. Aketi wima, kidevu kikiinama kidogo wakati wa kumeza, tonge dogo, na asiongeshwe akila. Chai ikiwa ya moto sana mdomo huchoka upesi, ipooze. Akianza kupaliwa au maji kutokea puani, simamisheni chakula na mpigieni daktari.

Anaweza kuendelea kulima?

Kulima kidogo, ndiyo, akiwa ametulia na dawa. Aende alfajiri, apumzike kabla hajachoka, jembe waachie wengine jua likipanda. Joto huzidisha ulegevu. Baridi yetu ya Juni na Julai, tunayoilaani wote, kwake ni rafiki. Akishuka Kyela kusalimia ndugu mtaona tofauti. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu.

Kupuliza dawa shambani, hapana. Viuatilifu vingi vya kundi la oganofosfati vinavyotumika kwenye nyanya na viazi huzuia kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na piridostigmini. Mgonjwa aliyebeba bomba mgongoni anajiongezea dozi asiyoijua, na akizidiwa dalili zitafanana. Hata kufua nguo za aliyepuliza asifanye yeye.

Bodaboda asiendeshe wakati anaona viwili. Kuziba jicho moja huondoa picha ya pili, lakini pia hupunguza uwezo wa kukadiria umbali.

Mkesha na kufunga?

Ombeni naye, hakuna shida. Ila mkesha unamnyima usingizi ambao ndio chaji yake, na kufunga kunavuruga saa za vidonge. Mchungaji wa mama mdogo alipoelezwa alimpangia maombi ya saa 3 asubuhi. Waislamu wazungumze na daktari kabla ya Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Naweza kubeba mimba?

Wengi hubeba na kujifungua salama. Panga kabla, kwa sababu baadhi ya dawa za kushusha kinga huharibu mimba na lazima zibadilishwe mapema. Ujifungulie hospitali yenye huduma ya watoto wachanga: kati ya watoto 10, mmoja au wawili huzaliwa wamelegea kwa kingamwili za mama, hawanyonyi vizuri, na hali hiyo hupita ndani ya wiki chache wakitunzwa. Jambo la kurudia kwa kila mkunga: magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, inaweza kumzimia mwenye miasthenia pumzi. Daktari achague dawa nyingine ya degedege.

Atapona?

Wengi hufikia mahali pa kuishi kama wengine, baadhi bila dalili kabisa kwa miaka. Hapo ndipo watu huacha dawa wenyewe. Msiache, mpunguziwe.

Tumepewa rufaa ya Dar es Salaam. Safari tuipange vipi?

Ni zaidi ya kilomita 800. Vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiende kwenye buti la basi. Hesabuni saa za dozi kabla ya kupanda, maana foleni ya Kitonga haijali ratiba. Upande wa kivuli, dirisha wazi, na kuanzia Mikumi kushuka Morogoro mjiandae na joto. Bebeni video, majibu yote ya vipimo, na vidonge vya wiki mbili zaidi ya mnavyodhani mtahitaji.

Kikaratasi cha kuonyesha kila mgonjwa anapokwenda kutibiwa kinaandikwaje?

Kwa mkono, herufi kubwa, hivi:

"Nina miasthenia gravisi. Misuli yangu huchoka haraka, pamoja na ya kumeza na kupumua. Nameza piridostigmini katika saa hizi: ____. Natumia prednisoloni miligramu ____, msiikatishe ghafla. Msinipe bila kuuliza daktari wangu: jentamisini, streptomisini, siprofloksasini, azithromisini, eritromisini, kwinini, klorokwini, propranololi, magnesiamu salfeti. Kabla ya dawa ya usingizi mwambieni mtaalamu. Nikiwa mzima nahesabu hadi ____ kwa pumzi moja. Simu ya daktari: ____. Simu ya ndugu: ____."

Cha mama mdogo kimekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Nakala ya pili iko kwenye mkoba wake wa kanisani, kwa sababu mazoezi ya kwaya ni jioni.